Wanawake Mapumzikoni

Mchoraji yule nilimchukia tangu siku ya kwanza. Picha yake, *Wanawake Mapumzikoni*, ilijaza ukuta mzima wa jumba la sanaa ninakofanya kazi: wanawake watatu wamejilaza kwenye mito, mabega wazi, macho yamelegea, kana kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuosha sufuria. Kazi yangu ni kuandika maelezo yanayobandikwa kando ya picha, na huyu sikumwonea haya. Niliandika kwamba bwana huyu alitoka mbali, na chumba cha wanawake hakuwahi kukikanyaga. Alilipa watu wakae anavyotaka, kisha akautangazia ulimwengu kwamba wanawake wa huku ndivyo walivyo. Nikamalizia: "Hakupiga hodi, wala hakuna aliyemkaribisha."

Bosi akasema maelezo yanawasha kama pilipili, ila yanahitaji picha ya kulinganisha. Nilikuwa nayo kwenye simu. Mama mkubwa, aliyenilea, amejinyoosha mkekani baada ya kazi za mchana. Kitambaa kimemwanguka, nywele chache zilizobakishwa na dawa za hospitali ziko nje, miguu iko mapajani kwa dada yangu, na mwenyewe anacheka mpaka pengo linaonekana. Tukaikuza, tukaitundika mkabala na ile ya bwana. Mama mkubwa sikumwambia. Nilitaka kumshtukiza, afurahi.

Siku ya ufunguzi dada akamleta. Watu walikuwa wamejazana mbele ya picha yake, wakiisifia. Mmoja akageuka, akamwona.

"Jamani, si ndiye huyu!"

Mama mkubwa akainua macho ukutani. Mkono ukaenda kichwani, akakaza kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea. Kisha akatabasamu kwa heshima zote, akawapa watu mkono mmoja mmoja, kama mfiwa anayepokea rambirambi.

Dada akanivuta pembeni. "Hata fundi bomba akija, mama anajifunika kwanza. Wewe umemwanika kama nguo."

"Lakini ni picha nzuri. Inaonyesha ukweli."

"Ulimuuliza?"

Nikageuka. Maneno yangu makali yalikuwa pale pale ukutani, yananisoma mimi. Nilijiona mchafu. Yule bwana walau hakuwajua wale wanawake. Mimi, huyu wangu amenilisha kwa mkono wake.

Nikaishusha picha siku ile ile, bosi anune asinune. Nyumbani nikapiga magoti mbele ya mama mkubwa.

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, mwanangu. Hukukusudia ubaya." Akanishika shavu. Najua alisema kweli, maana yeye kinyongo hakijui.

Jumapili iliyofuata niliwakuta mkekani, yeye na dada na jirani. Vicheko vyao nilivisikia tangu ngazini. Nilipoingia, mama mkubwa akavuta miguu, akaketi wima, akashusha gauni likafunika magoti. Jirani naye akajiweka sawa.

"Karibu mwanangu," akasema kwa upole. "Tumekaa tu."

Simu nilikuwa nimeiacha kwangu makusudi, lakini jambo kama hilo unaanzaje kulisema? Nikakaa. Tukaongea habari za bei za vitu na mvua, kama watu wanaoheshimiana sana. Baadaye nikaaga, mlango ukafungwa nyuma yangu, na kabla sijamaliza ngazi nikawasikia wanaanza tena kucheka.