Kambi ya Chini Haikuwemo Kwenye Ramani

Nimekaa masjala ya hospitali miaka kumi na miwili, na mtu akiniambia sijui kazi yangu hunipanda hasira hapo hapo. Daktari mtafiti alipobandika ukutani ramani yake ya ugonjwa wa figo, mji wetu ukiwa mwekundu wote na kule kwenye mashamba ya miwa hakuna hata doa, nikaropoka, "Hiyo ramani inadanganya!"

"Takwimu zimetoka kwenye mafaili yako, dada," akajibu taratibu.

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Mgonjwa akija, mimi humuuliza, "Unalala wapi?" ili tumpate ikilazimu. Naye hutaja kwa shemeji, kwa binamu, kwa nani sijui hapa mjini. Kwa mkono wangu huu nimewahamisha watu mia tatu, kwenye karatasi, kutoka mashamba ya miwa hadi mjini.

Na mashine sita mpya za kusafisha damu zilikuwa zinaifuata ramani hiyo. Kamati ilikuwa iamue Jumatatu. Kaka yangu, mkata miwa wa kambi ya chini huko mashambani, figo zake zimekufa; hukaa kwenye basi kwa muda wa saa saba kuja kusafishwa damu mjini, mara mbili kila wiki. Akishuka hawezi kubeba hata mkoba wake. Mashine mpya nazo zikiwekwa mjini, hamalizi mwaka. Nilijua hivyo, na yeye alijua.

"Nipe siku nne," nikamwambia daktari.

"Kwa mafaili mia tatu?"

"Niliyeyaharibu ni mimi. Wewe shika kalamu."

Tulipiga simu mpaka sikio likawaka moto. "Shikamoo mzee, masjala hapa. Ulipoanza kuumwa ulikuwa unaishi wapi?"

"Marahaba. Kambi ya chini, nakata miwa. Kwani leo ndiyo mnauliza?"

Mjane mmoja alinigombeza dakika kumi nzima. Nikamwomba radhi, nikalia, nikaandika: kambi ya chini.

Daktari akayapanga majibu kwa miaka. Mwaka wa kwanza kambi ile ilikuwa na wagonjwa wanne. Mwaka jana pekee, sitini na wawili, na wengi walianza kuugua miezi ya mavuno. Akavua miwani, akasema, "Mungu wangu."

Jumatatu mwenyekiti wa kamati aliziangalia ramani mbili, ya zamani na mpya, akakunja uso. "Nani aliyekosea hapa?"

Daktari akafungua mdomo. Nikamwahi. "Mimi, mheshimiwa. Nimekosea miaka kumi na miwili. Nyinyi mnataka kukosea mingapi?"

Mhasibu, mtu asiyecheka hata kwenye harusi yake, akanyoosha mkono kuikubali ramani mpya. Wengine wakafuata, wote, mwenyekiti akawa wa mwisho.

Nikampigia kaka nikiwa bado koridoni.

"Zote sita," nikamwambia. "Zahanati ya kambi ya chini."

"Dada, usinitanie."

"Nikutanie na figo zako? Utakuwa unaenda kwa miguu!"

Halafu nikamsikia, mbali na simu, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Jamani, tokeni nje! Tokeni wote! Zinakuja kwetu!"