Ukoo wa Mche wa Kikohozi

Asubuhi fundi wa maabara alitoa mche kabatini. Ulikuwa umefungiwa gizani makusudi, maana mmea ukinyimwa mwanga hula akiba yake ya wanga, na majani yasiyo na wanga hayasumbui kusaga. Alitaka kusoma vinasaba vya kloroplasti, vile vichembe vya kijani ambavyo mmea huu huvirithi kwa mama tu. Baba hachangii kitu.

Mche huo fundi alipewa na mama yake mdogo, ambaye naye aliachiwa mmea huo na mama yake mzazi kwa ajili ya kutibu kikohozi.

"Mwandike tu kwamba nimeutunza mimi," alisema Mama Mdogo. "Na mama kabla yangu."

Fundi aliapa kwamba wataandikwa.

Mashine ilimaliza kusoma, na mlango ukabishwa. Alikuwa mama wa ule mche, ametembea kwa mizizi yake, amefuatana na Mama Mdogo. Nyuma yao alikuja bibi wa mche, kisha mama wa bibi, na kuendelea, kila mmoja na mwanamke aliyempanda. Wengi walikuwa marehemu, lakini wamechana nywele vizuri. Fundi alimwona bibi yake akamrukia kwa furaha.

"Umekonda," bibi alimwambia. "Huku hamli?"

Mlinzi alilalamikia matope koridoni, basi. Viti vilipokwisha, wageni walikalia ndoo. Marehemu mmoja alimtibu mhasibu kikohozi chake sugu, na wafanyakazi wote wakaanza kukohoa ili nao wahudumiwe.

Profesa, mkuu wa maabara, aliwaamkia kwa adabu, akaagiza chai, akasimama katikati yao wapigwe picha.

"Profesa, hawa ndio wenye mmea," fundi alimwambia. "Majina yao yasisahaulike kwenye makala."

"Tena yatangulie!" alijibu Profesa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akina bibi walipewa majembe, wakalima uwanja wa nyuma huku wakitaniana, na mimea ikajichagulia mahali penye jua. Hakuna aliyeuliza wataondoka lini.

Makala ilitoka kwa jina la Profesa peke yake. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini picha ilikuwapo, na Mama Mdogo akaomba asomewe maandishi ya chini yake.

"Profesa na mmea wa porini," fundi alisoma, "usio na mwenyewe."

Mama Mdogo alijitazama pichani. Alikuwa ameupakata.