Kimya cha Mchorongaji

Tauno alirudi kutoka porini jioni ya Ijumaa, akavua viatu mlangoni, akatundika koti, akaketi mezani, na hakulalamika. Hapo ndipo Rauha alipoanza kumshuku mumewe.

Asiyeujua mji wa Thunder Bay, huko Kanada, atacheka. Lakini Tauno alikuwa amechoronga miamba, akiitoboa kwa mtambo, miaka ishirini na tano kwa ajili ya kampuni changa, zile zisizo na mgodi wala bidhaa, zenye mtambo wa kukodi tu, kipande cha msitu, na hisa za senti kumi na moja zinazouzwa kwa watu wenye matumaini. Zinatafuta madini ya thamani, platinamu na paladiamu. Zikipata, hisa ya senti inageuka kuwa ya dola. Zisipopata, na mara nyingi hazipati, hisa hiyo haifai hata kuwashia jiko. Mchorongaji ndiye wa kwanza kuliona jiwe likitoka ardhini, kabla ya mtaalamu, kabla ya maabara, kabla ya wakubwa wa Toronto. Naye amekatazwa kusema, kwa sheria na kwa sahihi ya mkono wake mwenyewe.

Basi wenye hisa mjini huwasoma wachorongaji kama mkulima anavyosoma mawingu. Mchorongaji akirudi akiilaani baridi, akamlaani mpishi, akaulaani mwamba, shimo ni tupu, usipoteze senti yako. Akirudi hana neno, kuna kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na watu wa mtaa wa Rauha na Tauno, ambao babu zao walikuja kutoka Finland na kimya chao sandukuni, waliuamini mshindo huo kuliko gazeti. Wao wenyewe wanasema maneno kumi kwa siku, kwa hiyo lazima ujue ni yapi ambayo hayakusemwa.

"Baridi huko?" Rauha aliuliza, akimpakulia supu ya samaki.

"Kiasi."

"Na mpishi yule?"

"Mzuri tu."

Mzuri! Mpishi ambaye mwezi uliopita Tauno alisema anapika viazi hadi vinaomba msamaha. Rauha aliweka mwiko chini taratibu.

Wiki mbili zile za mapumziko ya Tauno, Rauha hakuwa mke, alikuwa askari kanzu. Alipekua mifuko ya koti. Alikung'uta soksi. Alifungua kisanduku cha chakula na kukinusa, kana kwamba paladiamu ina harufu. Hakupata hata kichangarawe. Lakini dalili zilimiminika zenyewe. Tauno alikuwa akivaa glavu ndani ya nyumba, akizivua anatia mikono mfukoni, kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kionekane. Alhamisi alikataa kwenda kucheza karata kwa Armas, mchezo ambao hakuwahi kuukosa hata alipofiwa na mama yake. Kwa nini? Kwa sababu kule watu wangemhoji, Rauha alijijibu. Na Jumamosi, alipowasha moto wa sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke, na kumwita, alikuta mzee ameshaoga peke yake.

Hili ndilo lililommaliza. Tangu waoane walikuwa wakiingia sauna pamoja, na watu wao wana desturi kwamba mle ndani, mtu akiwa uchi mbele ya mawe ya moto, hasemi uongo. Anayekwepa sauna anakwepa swali.

"Umeniacha," Rauha alisema.

"Nilikuwa na usingizi."

"Tauno, kuna kitu unanificha?"

Akamwangalia mkewe muda mrefu. Midomo ikafunguka, ikafungwa. "Hakuna," akasema, akageukia dirisha lililojaa theluji ya Machi.

Rauha alimwonea huruma, na papo hapo akafurahi. Maskini, sheria imemfunga mdomo, anateseka na siri yenye thamani ya mamilioni. Akaapa moyoni kwamba hatamuuliza tena.

Tauno aliporudi porini, Rauha aliketi mbele ya kompyuta. Walikuwa na dola elfu thelathini na nane benki, akiba yao yote, fedha ambazo Tauno aliziita za kupumzikia. Siku mwili utakapokataa mtambo, alikuwa akisema, hizi zitatuvusha hadi pensheni ianze. Rauha naye alitaka apumzike, ndiyo maana alifanya alichofanya. Mbona apumzike na elfu thelathini na nane wakati angeweza kupumzika na laki tatu? Alinunua hisa za Korvela, ile kampuni changa iliyomwajiri mumewe, leo kidogo na kesho kidogo ili watu wasishtuke, hadi akiba ikaisha.

Kisha akaenda kula chapati za maji katika mkahawa wa mtaani, akijitahidi kuonekana kama siku zote. Armas, tarishi mstaafu, alikuwa mezani na Impi, jirani mwenye masikio ya sungura.

"Karibu shemeji," Armas alisema. "Mzee hajambo? Karata hazimtaki siku hizi?"

"Hajambo."

"Mpishi wa kule je?"

"Mzuri."

Impi alimkanyaga Armas chini ya meza. Rauha aliona, akajilaumu, akainamia chapati yake. Mhudumu alipoleta hesabu, Rauha akalipa akaondoka upesi. Nyuma yake wale wawili walibaki wakitazamana.

Wiki hiyo hisa ilipanda hadi senti kumi na nne. Kisha kumi na sita. Rauha alifurahi, kisha akakasirika. Kumbe kuna wanaojua! Nani? Alimshuku mke wa mtaalamu wa miamba, aliyenunua gari jipya. Alimshuku mpishi. Usiku alilala akiwahesabu wezi wa siri ya mumewe, na asubuhi aliamka akakuta kumi na tisa. Lisemwalo lipo, alijiambia, na hapa hata kusemwa halijasemwa.

Jumanne saa nane mchana, gari la kambi lilisimama nje. Tauno alishuka na begi lake lote, wiki nzima kabla ya zamu kwisha. Rauha alikimbia kumfungulia mlango. Kampuni ikipata kitu hufunga kambi, kila mtu anajua hivyo. Alimimina kahawa, akakata mkate mtamu wa iliki, akaketi mbele yake akitabasamu kama bibi harusi.

"Sema sasa, mume wangu. Sasa si unaweza?"

Tauno hakugusa kikombe. Alivua glavu, akaiweka mikono mezani. Vidole vilikuwa vyeupe kama mishumaa hadi kwenye viungo.

"Nimeacha kazi," alisema. "Jana niliangusha bomba. Lilimpita mwenzangu hivi, pembeni mwa kichwa. Sikujua kama limenitoka, Rauha. Niliangalia mkono nikaona mtupu."

"Mikono ina nini?"

"Mtetemo wa mtambo. Daktari alinionya zamani. Tangu Krismasi sisikii kitu. Karata zinaanguka. Vifungo siviwezi. Kule sauna niliogopa ungeona rangi yake." Akashusha pumzi. "Nilikuwa naona aibu. Mwanamume mzima, mkewe amfunge vifungo."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini siku ile aliyeumbuka hakuwa Tauno. Rauha aliukumbuka ule usiku alipomwona midomo ikifunguka na kufungwa, naye akafurahi. Alifurahi! Mumewe alikuwa anakufa ganzi mbele yake, naye akawa anapiga hesabu.

"Na shimo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Shimo lipi? Mawe meusi matupu. Kesho asubuhi wanatangaza. Sipaswi kukwambia, lakini sisi hatuna hata hisa moja, kwa hiyo hatumdhuru mtu." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Februari. "Ashukuriwe Mungu zile za kupumzikia zipo."

Rauha akamwambia. Alimwambia yote, macho yakiwa kwenye mkate wa iliki, kuanzia supu hadi soksi hadi hisa ya mwisho.

Tauno akauliza: "Kwa nini hasa?"

"Kwa sababu ulinyamaza! Hukulalamika hata kidogo!"

"Rauha. Miaka ishirini na tano umeniomba nipunguze malalamiko."

Hakuwa na hasira, na hilo lilimchoma Rauha zaidi. Tauno akaanza kuvaa glavu tena, akivuta kwa meno. "Jumatatu nitawaambia nimepata nafuu," alisema. "Watanipokea. Watu ni wachache."

"Hurudi huko!"

"Tutakula nini?"

Kompyuta ilikuwa wazi pale kabatini. Soko lilikuwa halijafungwa. Senti kumi na tisa, na wanunuzi wamepanga foleni. Rauha aliinuka akaisogelea. Akiuza sasa hivi, akiba yote ingerudi, na faida juu, na mikono ile isingegusa mtambo tena. Alitaka kuuza. Tusimsingizie utakatifu, alitaka kwa roho yake yote.

Simu ikalia. Alikuwa Armas, sauti yake ikisikika hadi mezani.

"Shemeji, nimeona gari la kambi. Mzee karudi mapema, eh?"

"Armas, unazo hisa za Korvela?"

"Aa! Umeniuliza mwenyewe! Tangu siku ile ya chapati. Bei imepanda mara mbili nawe ukalipa bila kulalamika. Nikamwambia Impi, huyu ana jambo. Tumenunua wote, na shemeji zake Impi, na padri kidogo."

Kumbe hao ndio waliojua. Wao walidhani Rauha anajua, naye alidhani wao wanajua, na hakuna aliyejua kitu.

"Armas, nisikilize. Tauno ni mgonjwa. Mikono yake imekufa ganzi, ndiyo maana kaacha kazi. Usinunue tena, nakuomba."

Upande wa pili kicheko kilipasuka. "Wee Rauha! Mgonjwa, siku kama ya leo! Unataka kula peke yako, bibi wewe!"

"Naapa kwa kaburi la mama."

"Na kiapo juu! Basi ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nilikuwa na fedha za kuezeka paa, naziingiza zote. Asante sana, shemeji, sitasahau." Akakata.

Rauha alipiga tena, simu haikupokewa. Armas alikuwa tayari kwenye kompyuta yake. Haukupita muda, kwenye kioo likatokea ombi jipya la kununua, kubwa kuliko yote ya siku ile, kwa senti ishirini. Kubonyeza mara moja tu kungetosha.

"Hilo ni paa la Armas," Tauno alisema nyuma yake.

"Najua."

"Sikukatazi. Nimechoka, Rauha. Ukibonyeza sitakuuliza."

Alisimama pale hadi chozi likamdondokea kidoleni. Kisha akafunga kompyuta, akarudi mezani, akamvua mumewe glavu na kuushika mkono wake kwa nguvu, na mkono haukujua kama umeshikwa.