Foleni Mbele ya Ghala la Fisi

"Nnyabo, mama yangu, hiyo 'kula' naandika na herufi gani?"

Jirani Nansubuga aliuliza hivyo kupitia ua wa michongoma, alasiri moja ya mwaka ule sukari ilipoadimika mtaani Bukoto. Alikuwa ananakili hadithi kwenye daftari la darasa, ambalo lilipita mkono kwa mkono bila jina la mtu. Filda alikuwa anasaga simsim, jasho likimwingia machoni.

"Andika unavyosikia," akajibu bila kuinua kichwa.

Nansubuga, ambaye ulimi wake haukuwahi kutenganisha l na r tangu azaliwe, akaandika alivyosikia.

Mume wa Filda, mwalimu Ongom, ndiye aliyesomesha darasa hilo la watu wazima, kila Jumatano saa kumi, nyuma ya kanisa. Aliwasomea hadithi za kale, kisha kila mmoja alitaja funzo aliloliona, na hakuna funzo lililokataliwa. "Hadithi ya kale ni kama muhogo," alizoea kusema. "Majani kila mtu anayaona. Chakula kiko chini." Wiki ile walisoma ya wanyama waliomwendea Fisi, mlinzi wa ghala, siku za njaa, wakamwambia: Tunataka kula.

Sajini Wahabi wa usalama alikuwa mwanafunzi hodari. Zamu yake ya daftari ilipofika, akakuta wanyama wanasema: Tunataka kura. Akachimba chini ya majani kama alivyofundishwa.

Alhamisi Ongom alichukuliwa kwa gari lisilo na namba, chaki ingali vidoleni. Filda alipeleka chakula gereza la Luzira mara tatu, akaambiwa jina hilo halipo. Jumapili ya nne, baada ya misa, alifungua kitabu cha hadithi kujiliwaza, akamkuta mumewe kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Alikuwa kwenye foleni mbele ya ghala, nyuma ya swala na mbele ya kobe, na shati lake la buluu. Filda alivaa miwani, akamsalimu. Ongom akasema ni mzima, ila foleni haisogei. Fisi anadai ufunguo umepotea.

Tangu siku hiyo wanawake wa mtaani walipita kumjulia hali Ongom. Nansubuga alimletea muhogo wa kukaanga, akauweka juu ya ukurasa. Uliacha doa la mafuta, lakini Ongom hakuupata.

Filda alipoona mkanda haumshiki tena mumewe kiunoni, alikiweka kitabu kwapani, akaenda ofisini kwa Wahabi.

Wahabi akafungua ukurasa. "Jambo, mwalimu."

"Jambo, Wahabi. Funzo uliliona?"

"Niliona mapema sana, mwalimu. Ni wewe ulinifundisha."

"Afande," akasema Filda, "ni kula, kwa l. Si kura. Badilisha herufi moja tu kwenye faili, atoke."

"Sema tena, mama."

"Kula. Kura."

Wahabi alifumba macho, akasikiliza kwa makini, bila dhihaka. "Masikio yangu inasikia kitu moja. Na faili imeshapigwa muhuri: mtu moja, kosa ya kura. Lakini hiyo mwandiko si ya mwalimu, mimi najua mkono yake. Nipe jina ya mwenye kuandika. Yule anaingia, huyu anatoka. Foleni haiwezi kupungua."

Filda hakuwa amesema uongo tangu kipaimara. Alishika rozari, akamtazama mumewe, mifupa ya shingo imemtoka kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kusema kweli si dhambi, alijiambia; hata padri atakubali. Ile kweli nyingine, ya "andika unavyosikia", haikumfika mdomoni.

"Nan..." akaanza.

"Ndiyo," akasema Wahabi, kalamu tayari. "Nani?"

Ongom alikuwa amesikia. Alimtazama mkewe kwa muda, kama alivyozoea kumtazama mwanafunzi aliyetaja funzo lake. Kisha akampisha kobe mbele, akatoka kwenye foleni, akampita Fisi mlangoni pa ghala, akavuka maandishi mpaka pembezoni mwa ukurasa, pale pasipoandikwa kitu, akatoka kitabuni.