Uso Katikati ya Kurasa

Watu hudhani kupanga kurasa za kitabu cha picha ni kazi ya wapole. Thubutu! Nimeifanya miaka kumi na moja, na nawaambia, ukiwa na kinyongo na mtu, gridi inatosha kummaliza.

Gridi ni mistari isiyochapishwa. Naugawa ukurasa safu sita, kila picha inakaa kwenye safu zake: hii nne, ile mbili, nyingine peke yake na weupe wa kuizunguka ipumue. Msomaji haioni mistari, lakini jicho lake linakwenda ninakotaka mimi.

Basi siku moja nani anaingia ofisini, kama si aliyekuwa shemeji yangu! Hana haya wala soni. Diski mkononi, marashi yametangulia.

"Shem, siku nyingi! Bosi wako anasema wewe ndiye fundi wao."

Nilifungua diski, damu ikanichemka. Picha themanini, na zote ni za dada yangu isipokuwa jina. Nilikuwepo akizipiga, nyingine nilimshikia mwavuli jua lisiingie kwenye lenzi. Huyu bwana alipomwacha, aliondoka na kamera, diski, hata bahasha za picha zilizosafishwa. Dada akaenda kulalamika kwenye chama cha wapiga picha, wakamwambia alete ushahidi hata mmoja kwamba alizipiga yeye. Neno langu halikutosha, eti mimi ni ndugu. Tangu hapo anapiga picha za pasipoti kwenye chumba cha kupanga, na yule bwana hatajwi mbele yake.

Kwa hiyo sikumwambia dada kitu. Nikasema moyoni, huyu niachieni mimi.

Picha moja tu ndiyo aliyokuwemo yule bwana mwenyewe: amesimama mlangoni, miwani ya jua usoni, kidevu juu, utadhani jengo ni lake. Akataka hiyo iwe kubwa kuliko zote. "Nipe kurasa mbili kamili, shem."

"Sawa kabisa," nikamjibu, nikimchekea jino pembe.

Sasa sikilizeni. Kitabu kile kilikuwa cha gundi. Kabla ya kupaka gundi, mashine huunyoa mgongo, na kinachobaki karibu na mgongo huzama kisionekane. Fundi mwenye akili zake hapitishi uso wa mtu hapo; huusogeza pembeni, safu moja au mbili. Mimi niliuleta uso wake katikati kabisa, pua juu ya mstari wa mgongo. Kwenye skrini kurasa mbili zimelala tambarare, hakuna mgongo wala gundi. Akatazama, akasema, "Hapo umenipatia!" Akatia saini. Kisha akanisimamia mpaka nikafuta picha zote kwenye kompyuta, asije akaibiwa. Yeye, aibiwe! Jina langu sikuliweka kitabuni.

Siku ya uzinduzi nilikaa nyuma kabisa. Mgeni rasmi akafungua zile kurasa mbili mbele za watu, akakigeuza kitabu huku na huku. "Na huyu asiye na uso ni nani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Masikio mawili na mabega, katikati hakuna mtu! Roho yangu ikasuuzika. Kesho yake alikuja kunifokea, nikamwekea saini yake mezani. Akasema picha yenyewe ameshaifuta, hataki kuiona tena maishani, akaondoka amevimba. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi dada akaja kwangu, kitabu kwapani. Amepaka wanja, na sijamwona na wanja tangu aachwe. Nikajua habari zimemfikia. Nikatenga chai, nikisubiri nafasi ya kujisifu.

"Nipe kisu," akasema.

Akaukata mgongo, akazitoa zile karatasi mbili, akaziweka bega kwa bega mezani. Hazikukutana. Pua na nusu ya miwani vilikuwa vimeliwa na mashine.

"Miaka minne naisubiri picha hii," dada alisema. "Kwenye miwani, hapa karibu na pua, nilikuwa naonekana mimi. Kofia nyekundu, kamera jichoni. Ni hii tu iliyokuwa na mimi ndani. Na anavyojipenda yule, nilijua ipo siku ataichapisha mwenyewe. Chama nimeshawaambia nawaletea Jumatatu."

Picha ile niliitazama siku nne nzima, nikauona uso wake tu.

Dada akajaribu tena kuzisogeza karatasi, taratibu, kwa ncha za vidole. Halafu akaninyanyulia macho.

"Wewe ni mtu wa vitabu, mdogo wangu. Hebu niambie, ni nani huyu aliyeipanga hivi?"

"Ni mimi, dada," nikamwambia.