Nyayo za Bibi Fuatino

Haya nimeyapata kwa Lagimaina, binti wa dada yangu, Jumatano iliyopita tukimenya taro, magimbi ya kwetu, nyumbani kwangu, asubuhi, wakati ambao muuguzi wa hospitali hana budi kuwa kazini. Sikumuuliza kwa nini hayuko kazini. Nilimsogezea taro nyingine, naye akasema.

Lagi ni muuguzi wa wazee. Si muuguzi aliyepangiwa wazee tu, la. Alipelekwa Nyuzilandi akasomea wazee peke yao: wanavyoanguka, wanavyosahau kula, ngozi yao inavyochubuka wakilazwa ubavu mmoja. Hospitali nzima inaye yeye tu. Wenzake humwita Mama Wazee, nusu utani, nusu kijicho. Huzunguka wodi zote, na kila wodi ina mkubwa wake.

Siku ya mkasa wenyewe alianza na kitanda cha dirishani, kwa Bibi Fuatino wa wilaya ya Falealili. Bibi alivunjika nyonga, akapasuliwa, akatiwa chuma, na upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichoharibika ni akili. Alikuwa akichomoa dripu na kupanda vyuma vya ubavuni mwa kitanda ashuke chini, na huku anaomba radhi. Niwieni radhi, wakubwa, niwieni radhi. Binti yake, Sieni, aliamini kabisa kwamba mama anasema na marehemu waliokuja kumchukua. Usiku alikuwa haondoi mkono kwenye kifua cha mama yake.

Jana yake walimkuta bibi mguu mmoja uko ng'ambo ya vyuma, ananing'inia. Akianguka na nyonga mbichi ile hainuki tena, hilo halihitaji shule. Basi Lagi alipofika tu asubuhi, Sista Muli, mkuu wa wodi, akatoa amri: jioni daktari akipita, bibi achomwe sindano ya kumtuliza, na mikono ifungwe kitandani kwa bandeji.

Sindano ile Lagi aliijua. Mzee Tavita wa kitanda cha pili alichomwa kwa sababu alikuwa akipiga kelele. Akalala, akalishwa uji yu nusu usingizini, uji ukaingia mapafuni, akafa. Kitanda chake kilikuwa kitupu, na Sieni alikuwa akikitazama.

"Sista," Sieni alimwambia Lagi kwa sauti ndogo, "wakimchoma mama, ataamka?"

Lagi akamwambia ampe nafasi mpaka jioni.

Mzee akilazwa ugenini, akili yake hutoka kama kuku aliyehamishwa banda. Ukikipata kilichomfukuza, hurudi. Ndivyo Lagi alivyofundishwa. Akambonyeza bibi tumbo, lilikuwa laini. Akatazama mkojo, safi. Homa hakuna, dawa ya maumivu amepewa, miwani anayo. Na asubuhi ile, kabla wageni hawajaingia, bibi alikuwa mtulivu, akiuliza kama kuku wamelishwa. Lagi akaondoka na hofu yake, maana wodi nyingine zilikuwa zikimwita.

Wageni walipofunguliwa mlango, alisikia kelele, akarudi mbio. Bibi alikuwa ameshapandisha goti juu ya chuma, jasho linamtiririka, bandeji ya nyonga imelowa damu. Wauguzi wakamrudisha kwa shida, Lagi akiwa ameishika miguu. Sista Muli alisimama mlangoni.

"Mama Wazee," akasema, "kumbe ulivuka bahari kwenda kusomea kushika miguu?"

Wauguzi wengine wakacheka. Lagi akaketi sakafuni apumue, pale pale walipoketi wageni: Sieni, shemasi wa kanisa lao, na Mzee Vaiula, shemeji wa bibi, msemaji wa kijiji, wote wamekunja miguu juu ya mkeka. Akainua uso. Mbele ya macho yake zilikuwa nyayo mbili za Bibi Fuatino, zimemwelekea msemaji wa kijiji usoni.

Sisi hatukulelewa hivyo. Mtoto kwetu hufinywa kwa kunyoosha miguu mbele ya watu kabla hajajua kusema vizuri. Na huyu ni mke wa mkuu wa ukoo, amelazwa juu ya vichwa vya wakubwa, nyayo nje. Hakuwa akisema na marehemu. Alikuwa akiwaomba radhi walio hai, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akawa anashuka kuketi nao. Wauguzi walipita wima, hawakuziona nyayo. Wageni waliziona, wakainamisha macho kwa adabu.

Lagi akamfunika miguu kwa shuka. Bibi akawatazama walioko chini yake, akashika chuma tena. Lagi akawaomba wageni watoke. Bibi akawaita, akataka kuwafuata, ikabidi warudi.

Zamani kila kitanda kilikuwa na viti vya wageni. Vilichukuliwa kwa sherehe ya kufungua jengo jipya, ndiyo kwaheri yake. Lagi akaenda ofisini kuviomba. Karani akamweleza kwamba viti viko chumba cha mikutano, vimefunikwa nailoni na tepe za sherehe bado zimefungwa, na haviwezi kutoka mpaka vikabidhiwe rasmi, na mwenye kuvikabidhi yuko safarini. Akauliza habari ya kushusha kitanda. Mkono wa kukishushia ulikatika, na fundi hajaajiriwa. Likabaki godoro, lilazwe sakafuni.

"Hapa ni hospitali, si nyumba ya mikeka," Sista Muli alimwambia. "Mgonjwa akiwa chini, ameanguka. Nitaandika hivyo hivyo, ameanguka mikononi mwako. Na wewe umeshaonywa mara moja."

Lagi akalivuta godoro la kitanda cha pili, akalitandika sakafuni. Sieni akarudi nyuma, akasema hilo ni la marehemu Tavita.

"Ni la serikali," Mzee Vaiula akasema. "Shika pembe."

Kila mtu alishika pembe ya shuka alilolalia bibi, nesi mdogo mmoja akajiunga nao, na Lagi akaishika nyonga. Bibi akaning'inia hewani kidogo, mwepesi kama kikapu, na Lagi akawaza: likiponyoka hili, nimemuua mimi. Halikuponyoka.

Bibi alipogusa chini alijivutia shuka mwenyewe, akafunika miguu. Akamtazama shemeji yake, uso kwa uso.

"Mmefika," akasema. "Wamewapa chai?"

"Tumeshiba, shemeji," Mzee Vaiula akajibu, naye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri.

Bibi akafumba macho, akalala usingizi wa kweli.

Daktari alifika na sindano yake kwenye kisahani, kijana, macho mekundu kwa uchovu. Akauliza nani amemchoma. Lagi akamwambia hajachomwa. Daktari akaiacha sindano kwenye kitoroli na agizo kwamba akianza tena, achomwe. Sista Muli naye akamwambia Lagi afike ofisini kesho, na kwamba wauguzi wa zamu ya usiku watamrudisha bibi kitandani, ndio utaratibu.

Kengele ikalia, mlinzi akawatoa wageni, akabaki Sieni. Zamu ya Lagi ilikuwa imekwisha. Akavua viatu, akaketi kati ya godoro na mlango.

"Nenda nyumbani, dada," Sieni akamwambia.

"Nikienda watamnyanyua. Akiamka juu kule ataanza, na sindano iko pale."

Sieni alijilaza kando ya mama yake, usingizi ukamchukua amekunja ngumi. Lagi akafunga pembe ya shuka la bibi kwenye kiganja chake, ili wakimnyanyua wamwamshe na yeye. Mvua ikaanza juu ya mabati. Huko mwisho wa wodi magurudumu ya kitoroli yakalia, yakasimama, yakalia tena karibu zaidi. Lagi alijifinya paja. Akajiambia anayapumzisha macho tu, hafumbi, akayapumzisha, akalala. Aliponifikisha hapo akachukua taro nyingine, nami nikajua kwa nini Jumatano asubuhi yuko kwangu, si wodini.