Kiti Kinene cha Learco

Zipu ya koti ilimshinda Learco. Morena, bintiye, ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki yake alipomwona baba ameinamisha kidevu, vidole vya mkono wa kulia vikipapasa shingoni kama vya mtu anayetafuta kitu gizani. Mwishowe Learco akaifungua kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia akauficha nyuma ya mgongo, akaukung'uta mara kadhaa, na alipogeuka akakutana na macho ya binti yake.

"Baridi," akasema.

Ilikuwa Juni. Mawe ya ule ukuta mrefu ulio juu kabisa ya mlima, kwenye kipito cha Muraglione, yalishapata moto, na waendesha pikipiki waliopanda kutoka Forlì na Faenza, na wengine kutoka upande wa Toscana, walikuwa wameuegemea na makoti yao wazi, wakila mikate bapa ya piadina na kupandishiana sauti. Morena alisema, "Ndiyo, baridi," kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Tangu majira ya kuchipua alikuwa akiyaona mambo haya kidogo kidogo. Kijiko kilichoanguka mezani. Ufunguo uliozungushwa kwa mikono miwili. Alipouliza, baba alijibu kwamba mtu aliyepanga vigae sakafuni maisha yake yote asitegemee kuzeeka na mikono ya mpiga kinanda. Jibu hilo lilimchekesha Morena, kisha usiku likamnyima usingizi. Pikipiki ya baba ilikuwa ya mbio, usukani chini, vikanyagio juu na nyuma, mwili umeinama juu ya tangi, na breki ya mbele, ile inayoisimamisha hasa, inashikwa kwa mkono wa kulia. Mkono huohuo.

"Learco! Na leo umekuja na kochi lako?"

Huyo alikuwa Urbano, rafiki wa baba tangu ujana, mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuwa akikigonga-gonga kiti cha Learco, kile kiti kinene cheusi kilichoumuka kama mkate.

"Nikilala hapa naamka kesho," akaendelea. "Unakodisha kwa wageni?"

"Binti yangu kanipa," Learco akajibu. "Wewe wako walikupa nini? Soksi?"

Watu wakacheka. Morena aliona haya, akatazama viatu vyake. Kweli kiti alikuwa amempa yeye. Baba alikuwa akirudi na makalio yanamuuma, hawezi kukaa mezani, ndipo akaenda kwa Nevio, fundi wa viti pale Rocca San Casciano, akamwambia aweke sponji laini, na nene, nene kadiri iwezekanavyo. Nevio alikuna kichwa. "Nene sana nayo si nzuri, binti," alisema, lakini Morena akashikilia neno lake, na Nevio hakuwa mtu wa kubishana na mapenzi ya mtoto kwa baba. Siku ya kuzaliwa kwa Learco kiti kikafungwa utepe, na Learco akalia. Tangu hapo hakulalamikia makalio tena.

Sasa Urbano alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki. Morena akajua kinachofuata, kwa maana ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili pale ukutani: hakuna aliyeulizwa ameendeshaje, tairi ndiyo iliyotoa ushahidi. Anayeilaza vizuri pikipiki kwenye kona, tairi yake huchubuka hadi ukingoni. Aogopaye, ukingo hubaki mpya, unang'aa.

Urbano akapitisha kidole. "Oho! Njooni mwone! Hapa pana mpira wa dukani kabisa. Upana wa vidole viwili vizima! Learco, ulipanda mlima au ulibebwa na padri?"

Morena aliuona uso wa Learco ukibadilika. Baba yake ambaye miaka yote tairi zake zilisifiwa! Akaelewa kwamba huo ukingo unaong'aa ndio ulikuwa ukweli wenyewe: baba alikuwa akiogopa kona kwa sababu hakuwa na hakika na vidole vyake.

"Ngoja tuteremke," Learco akasema polepole. "Nitatangulia mimi. Tukifika chini, San Benedetto, utakitafuta hicho kipande kinachong'aa, hutakiona."

"Hayo ndiyo maneno!" Urbano akapiga makofi.

Njia ya kushuka Morena aliijua kama kiganja chake: kona juu ya kona, kila moja ikimdai mtu breki kabla ya kuingia, na upande wa bonde miti tupu. Alijiona akisema mbele ya wote: baba hawezi, vidole vyake vimekufa ganzi. Akaona pia macho ya baba akishasema hivyo. Hakuthubutu. Hata shuleni alikofundisha watoto wadogo, ilikuwa shida kwake kusimama mbele ya wazazi.

Learco alishavaa helmeti. Alikuwa akivuta glovu ya kulia kwa meno.

"Baba." Sauti yake ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Baba, pikipiki yangu siielewi."

Learco akageuka mara moja. "Ina nini?"

"Breki. Nikibonyeza naona kama inazama. Pengine ni mimi tu."

"Inazama? Na umepanda nayo mpaka huku bila kuniambia?"

"Naogopa kushuka nayo."

Hapo tu hakudanganya. Learco alimtazama, akamtazama Urbano, akaitazama njia. Kisha akatoa ufunguo wake. "Chukua yangu. Yako nitashuka nayo mimi, taratibu. Urbano, tangulieni."

"Je, ile tairi?"

"Tairi itangoja. Huyu ni mwanangu."

Pikipiki ya Morena ilikuwa ndogo, ya kukaa wima kama mtu aliye kitini jikoni, usukani mpana na juu. Learco aliipanda, wenzake wakimcheka.

Morena akapanda ya baba. Kona ya kwanza aliipita salama. Alipobonyeza breki kabla ya ya pili, akateleza mbele mpaka tumbo likagusa tangi. Akajisukuma nyuma. Kona ya tatu, vilevile. Sponji ilibonyea na kumrudisha mbele, na yote aliyokuwa nayo, kifua, mabega, kichwa ndani ya helmeti, yakashuka juu ya mikono miwili. Kiti kilikuwa kimemwinua nyuma juu kuliko usukani, kama mtu anayesukumwa kifudifudi ngazini. Akabana tangi kwa mapaja, haikusaidia kitu. Kabla hata miti ya misonobari haijaisha, kifundo cha mkono kikaanza kuwaka, kisha vidole vikajaa sisimizi, na baada ya sisimizi vikawa havipo.

Alifunga breki kwa kuangalia, si kwa kuhisi. Akasimama pembeni, penye changarawe, akabaki ameshika usukani.

Learco alisimama nyuma yake, akaja akikimbia kwa buti zake nzito.

"Umeumia?"

"Hapana."

Akavua helmeti, akahema. "Breki yako ni nzima, Morena. Nimeijaribu kila kona. Haina kitu."

"Najua."

Wakatazamana. Gari moja likapita, likapiga honi, wala hakuna aliyeligeukia.

"Na wewe," Morena akasema, machozi yakimlengalenga, "ulijua ni kiti?"

Learco akafuta jasho kwa mkono wa kushoto. "Nilihisi."

"Tangu lini?"

"Kilipoingia tu."

"Kwa nini hukusema, baba? Ungekufa! Ungekufa kwa zawadi yangu!"

"Ulikifunga utepe," Learco akasema, kama mtoto anayejitetea. "Ningekwambiaje?"

Morena akalia hapo hapo kando ya barabara, na Learco akamshika bega kwa mkono usiohisi.

Wiki hiyo walikwenda wote wawili kwa Nevio. Daktari alikuwa amesema mshipa wa fahamu wa mkono wa Learco umebanwa, apumzike, asiendeshe mpaka aruhusiwe. Nevio akavua ngozi ya kiti, akaitoa sponji laini, akachonga nyingine ngumu kwa kisu, mbele nyembamba, nyuma pana na bapa ili mtu akae asimwagike. Halafu akauliza, kwa uangalifu, kama anyanyue na usukani kidogo.

"Urbano atasema nini?" Learco akauliza.

"Urbano? Yule shingo haigeuki. Akitaka kuangalia nyuma anageuka mwili mzima kama kabati. Majuzi alikuja hapa jioni, watu wameshaondoka, akaniomba nimnyanyulie wake kwa kipimo kisichoonekana."

Learco akacheka mpaka akakohoa. "Nyanyua wangu uonekane."

Kazi ilipokwisha, pikipiki ikiwa imesimamishwa kwenye stendi, akapanda. Nevio akamwambia, "Inama kama uko njiani. Haya, sasa achia mikono."

Learco akaachia. Mikono ikaelea juu ya usukani, na mgongo wake ukabaki ulivyo, haukuanguka mbele. Akabaki hivyo, haamini.

Morena akausogelea mkono wa kulia, akaubonyeza ukucha wa kidole cha shahada. "Hiki?"

"Hiki nakisikia."

Akabonyeza wa kati. Learco akafumba macho, akangoja. Akangoja tena.

"Hiki bado, mwanangu," akasema. "Nakwambia kweli. Bado."

"Ahsante," Morena akajibu, akaendelea kumshika.